Mtoto Aliyeachwa Nyuma Darasani

Somo letu la mara hii limetokana na swali lililoulizwa katika darsa, nalo ni swali liulizwalo katika baraza nyingi za miji yetu ya pwani. Watoto wawili wametiwa shule siku moja; mwalimu wao mmoja, kitabu chao kimoja, na pengine milango ya nyumba zao yatazamana. Ikifika mwaka wa sita, mmoja humsomea babu yake gazeti, na wa pili hawezi kusoma jina la duka lililoandikwa ukutani. Imekuwaje? Jawabu lililotangulia kutolewa, nalo ndilo litolewalo kila siku, ni kwamba Mwenyezi Mungu amewagawia waja wake akili mbalimbali, basi huyu amepewa na yule hakupewa. Sisi twasema kwamba jawabu hili, ijapokuwa limevaa nguo ya unyenyekevu, ni jawabu la uvivu. Tunamsingizia Mola wetu jambo ambalo sababu zake tumezitenda kwa mikono yetu, na kisha twakaa tumeridhika.

Tutazame kwanza jinsi mtoto aachwavyo, kwani haachwi kwa siku moja. Mtoto wa darasa la kwanza ashikwa na homa akakosa shule wiki 3. Au wazazi wake wahama kutoka Lamu kwenda Mombasa katikati ya muhula. Au haoni vyema yaliyoandikwa ubaoni, na hapana aliyempeleka kutazamwa macho. Katika siku hizo wenziwe wamefundishwa kuunganisha herufi. Arudipo, mwalimu ana watoto 60 mbele yake na silabasi ya serikali mkononi, na silabasi haimngojei mtu. Basi mtoto hujifunza hila: hutazama midomo ya wenziwe, akaimba pamoja nao maneno ya ubaoni kwa kuyahifadhi, na kwa kuwa aimba vizuri hapana atambuaye kwamba hasomi. Hupandishwa darasa la pili, na la tatu, hali bado aimba.

Ikifika darasa la nne mambo hugeuka. Hadi hapo mtoto alikuwa akifundishwa kusoma; kutoka hapo atakiwa asome ili ajifunze mengine, hesabu na sayansi na habari za nchi, tena kwa Kiingereza, kwa kuwa huo ndio utaratibu wa shule za Kenya. Asiyejua kusoma hukosa yote kwa pamoja. Mwenziwe kila siku huongeza maneno mapya, na yeye kila siku hupungukiwa. Tofauti iliyokuwa ya wiki 3 sasa imekuwa ya miaka 3, nasi twaiita akili.

Wala tusidhani ya kwamba hawa ni wachache. Kuanzia mwaka 2009 na miaka iliyofuata, shirika la Uwezo lilipeleka watu nyumba kwa nyumba katika Kenya, Tanzania na Uganda kuwapima watoto kwa kazi ya darasa la 2: kusoma hadithi fupi na kufanya hesabu nyepesi. Waliwapima majumbani wala si shuleni, ili mwenye kwenda shule na asiyekwenda wote waonekane. Taarifa za Kenya za miaka ile ya mwanzo zilionyesha kwamba katika kila watoto 10 wa darasa la 3, kiasi cha 3 tu ndio walioweza kazi ya darasa la 2. Je, hao 7 wote walinyimwa akili? Hapana mwenye dini na mwenye akili timamu awezaye kusema hivyo.

Sisi watu wa pwani tuna sababu ya kulifahamu jambo hili kuliko wengine, kwa kuwa lililompata mtoto huyu darasani ndilo lililotupata sisi mjini. Wamisionari walifika Mombasa tangu 1844, na kwa miaka mingi shule za kusoma na kuandika kwa Kizungu zilikuwa mikononi mwao. Wazazi wetu waliogopa dini ya watoto wao, na hofu yao haikuwa ya bure. Serikali ya Kiingereza ilipofungua shule ya Waarabu mjini Mombasa mwaka 1912, wengine walikuwa wamekwisha kutangulia. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyezaliwa 1891 na kufariki 1947, alilia na jambo hili katika magazeti yake, Sahifa ya 1930 na Al-Islah ya 1932, akiwahimiza Waislamu watafute elimu ya dini na ya dunia kwa wavulana na wasichana. Chuo cha ufundi cha Waislamu cha Mombasa, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa, kilianza kusomesha mwaka 1951. Hapana katika habari hii mahali pa kusema kwamba watu wa pwani hawana akili. Hao ndio ambao babu zao walikuwa wakiandika tenzi, barua na hati za mashamba kwa herufi za Kiarabu kabla ya shule yoyote ya Kizungu kujengwa. Walichelewa kuingia katika darasa la watu wengine, na darasa halikuwangojea.

Mwaka 2003 serikali ya Kenya iliondoa ada katika shule za msingi, na wanafunzi wakaongezeka kutoka kiasi cha milioni 5.9 mwaka uliotangulia hata kupita milioni 7. Neema hii hatuikanushi. Lakini watoto walioingia kwa mlango ule wengi wao walitoka katika nyumba zisizo na kitabu, nao wakatiwa katika madarasa yaliyokwisha kujaa, wakasomeshwa kana kwamba wote wameanzia mahali pamoja. Hapo ndipo penye kiini cha somo letu. Shule hupanga watoto kwa umri, kisha humsomesha kila mtoto lile somo la umri wake, ajue asijue lililotangulia.

Na dawa yake, ndugu zetu, tulikuwa nayo barazani mwetu. Katika chuo cha Kurani cha zamani hapakuwa na darasa la kwanza wala la pili. Kila mtoto alikuwa na mahali pake. Huyu yuko katika alifu na bei, ameandikiwa ubao wake. Yule aendeleza kwa fataha na kisiri. Mwingine yuko katika juzuu ya Amma. Mwingine amefika Yasini. Na mkubwa wao akaribia kuhitimu. Wote hukaa mkeka mmoja na sauti zao hupandana, hata mgeni apitaye njiani huona ni kelele tupu, lakini mwalimu ajua kila mmoja aliishia wapi jana. Mtoto aliyekuwa mgonjwa mwezi mzima akirudi haambiwi, "Wenzio wamefika sura fulani, nawe wafuate." Huulizwa aliishia wapi, na papo hapo ndipo aanzapo. Mwalimu akizidiwa, aliyetangulia humsikiliza aliye nyuma, na kwa kumsikiliza naye huthibitisha aliyoyajua. Kwa hivyo mtoto mzito alichukua miaka zaidi, lakini alihitimu, akafanyiwa hitima yake kama wenziwe. Ni wangapi wetu waliwahi kuona mtoto aliyekaa chuoni miaka 6 akatoka hajui alifu?

Hatusemi kwamba chuo kile kilikuwa kamili. Watoto walisoma wasiyoyafahamu, na walimu wengi waliona bakora ndiyo nusu ya elimu. Ibn Khaldun, katika Mukaddima yake, aliwaonya walimu zaidi ya miaka 600 iliyopita kwamba ukali humvunja mtoto, ukamfunza uwongo na hila ili ajiokoe. Alisema pia kwamba elimu huingia kidogo kidogo, somo lirudiwe mara tatu, kila mara kwa kina zaidi, kwa kadiri ya uwezo wa mwanafunzi. Imamu Ghazali kabla yake aliwausia walimu wawatendee wanafunzi kama watoto wao wenyewe, na wasimpe mwanafunzi jambo ambalo fahamu zake hazijalifikia. Basi tunalolitaka katika chuo ni lile moja, kumsomesha mtoto kutoka pale alipo. Bakora na ibaki ilikozikwa.

Jambo hili limejaribiwa mbali na kwetu, na watu wasiojua habari za vyuo vyetu. Katika mji wa Mumbai, India, shirika liitwalo Pratham, lililoanzishwa 1995, liliwachukua wasichana wa mtaani waliomaliza shule ya sekondari, likawafunza kwa wiki 2, kisha kila mmoja akapewa watoto 15 hata 20 wa darasa la 3 na la 4 walioachwa nyuma. Kila siku aliwatoa darasani kwa muda wa saa 2, akawafundisha yale waliyoyakosa darasa la 1 na la 2. Wataalamu waliwapima watoto hao na wengine wasiopata msaada ule, katika Mumbai na katika mji wa Vadodara, wakaona dhahiri kwamba wamepanda, na waliofaidi zaidi walikuwa wale waliokuwa chini kabisa. Fikirini: wafundishaji hao hawakuwa na shahada yoyote, bali walikuwa na watoto wachache, na somo lililowafaa.

Karibu nasi zaidi, magharibi mwa Kenya, mwaka 2005 shule zaidi ya 100 zilisaidiwa kuajiri mwalimu wa pili wa darasa la kwanza. Nusu yake ziliwagawa watoto kwa kura tu. Nusu nyingine ziliwagawa kwa kadiri ya wanavyojua, waliotangulia upande huu na waliochelewa upande huu. Watu walidhani kugawa kwa namna ya pili kutawafaa waliotangulia na kuwadhuru waliochelewa. Haikuwa hivyo. Pande zote mbili zilipata zaidi kuliko watoto waliochanganywa, kwa kuwa kila mwalimu aliweza kulishusha au kulipandisha somo lake likawafikia waliokaa mbele yake. Watatu miongoni mwa wataalamu wa majaribio haya ya India na Kenya, Abhijit Banerjee, Esther Duflo na Michael Kremer, walipewa tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019.

Hapa yatupasa tusimame kidogo, kwani mtu aweza kuichukua habari hii akaitumia vibaya. Twazijua shule zenye mkondo wa wenye akili na mkondo wa wajinga. Mtoto hutiwa katika mkondo wa pili akiwa na miaka 7, hatoki humo hata amalize, na mwalimu apewaye mkondo huo ni yule asiyetakiwa kwingine. Hiyo si dawa, hiyo ni kumzika mtoto hali yu hai. Kugawanywa kunakofaa, kwa rai yetu, ni kwa saa moja katika siku, kwa ajili ya kusoma na hesabu tu, na mtoto akishapanda ahamishwe papo hapo. Saa zilizosalia na akae na wa rika lake. Na mwalimu bora wa shule, si yule mnyonge, ndiye apewe walio chini.

Lakini mwalimu bora atapewaje walio chini, ikiwa shule yatafuta sifa kwa walio juu? Mtihani wa kumaliza shule ya msingi, KCPE, ulifanywa tangu 1985 hata 2023, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo magazeti yalitangaza majina ya waliotangulia, na wazazi wakazipima shule kwa wastani wa alama. Zilikuwako shule zilizowarudisha nyuma watoto dhaifu wasije wakaushusha wastani huo. Mtihani umeondoka, mtaala mpya umekuja, lakini tabia haiondoki kwa waraka wa wizara. Juu ya hili sisi Waislamu tuna onyo lililo zito kuliko waraka wowote, nalo ni sababu ya kushuka Sura ya Abasa. Mtume (S.A.W.) alikuwa akizungumza na wakubwa wa Makureshi, akitumai kusilimu kwao, na katika kusilimu kwao kuna nguvu kwa dini. Akaja Abdullahi bin Ummi Maktum, naye ni kipofu, akitaka kufundishwa. Mtume akakunja uso, kwa kuchelea mazungumzo yale yasikatike. Mwenyezi Mungu akamteremshia aya za kumkumbusha kwamba huyu aliyekuja mbio akitafuta elimu ndiye mwenye haki ya kuelekewa. Baada ya hapo Mtume alikuwa akimkirimu kipofu yule, akamfanya mmoja wa waadhini wake, na mara kadha alimwachia Madina alipokuwa safarini. Mwalimu wa Kiislamu aliyeisoma sura hii, kisha akamgeuzia mgongo mtoto wa kiti cha nyuma ili awashughulikie watakaoipa shule jina, ameisoma kwa ulimi tu.

Liko jambo la pili ambalo wazazi ndio wenye dhambi nalo, nalo ni lugha. Mtoto wa Mvita, wa Amu, wa Malindi au wa Vanga amezaliwa katika Kiswahili, lugha isomwayo kama iandikwavyo. Aliyejua "ba" na "ta" amekwisha kusoma "bata", na bata amjua, amemwona uani. Kiingereza hakiko hivyo. Sauti moja yaandikwa kwa njia nyingi, na herufi moja ina sauti nyingi, hata watoto wa Kiingereza wenyewe huhangaika nacho. Sera ya nchi yasema madarasa ya chini yasomeshwe kwa lugha ya mahali. Lakini wazazi wa mjini huona fahari mtoto wa miaka 4 akitaja rangi kwa Kizungu, na hulipa ada kubwa kwa fahari hiyo. Tulikilaumu chuo cha zamani kwa kumsomesha mtoto asiyoyafahamu. Sasa twalipa fedha ili atendewe jambo lile lile. Mtoto aliyekwisha kusoma vyema kwa lugha yake huvuka na ustadi wake kwenda Kiingereza. Asiyejua kusoma kwa lugha yoyote hana cha kuvuka nacho. Haya twayasema kwa watoto wa Waswahili. Ama mtoto wa Kiorma au wa Kipokomo kule Tana River, naye ana haki hiyo hiyo kwa lugha ya mama yake.

Wako walioanza kazi hii mapema zaidi, kabla ya mtoto kufika darasa la kwanza. Mnamo 1982 viongozi wa Waislamu wa pwani walimwomba Aga Khan msaada wa kuinua elimu ya watoto wao. (Hatutaingia hapa katika mambo ya madhehebu, twazungumza habari za watoto.) Bi Swafiya Said, mwalimu wa huku huku kwetu, akaenda mtaa kwa mtaa akikaa na wazazi na masheikh, na mwaka 1986 ikaanza shule ya watoto wadogo iliyounganisha mafunzo ya dini na maandalizi ya shule. Wanawake wa mtaani walifunzwa ualimu, na vifaa vilitengenezwa kwa vitu vya mahali. Mpango huo ulifika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993. Haukuanza kwa majumba makubwa. Ulianza kwa kukubaliwa na wazazi.

Sasa sisi tufanye nini? Kila mtaa wetu una madrasa, na kila mtaa una vijana wa kike na wa kiume waliomaliza sekondari wakakaa wakingoja kazi. Maalim akubali kutoa saa moja, siku 4 katika wiki. Kwanza kila mtoto apimwe peke yake, si mbele ya wenziwe, asije akaaibika. Aonyeshwe herufi chache. Akizijua aonyeshwe maneno. Akiyajua apewe sentensi 4 nyepesi. Kisha hadithi ya nusu ukurasa, na aulizwe maana yake. Pale anaposhindwa ndipo mahali pake. Kisha watoto wakae kwa makundi ya herufi, ya maneno, ya sentensi na ya hadithi, bila kujali umri, na kila kundi lipewe kijana mmoja. Baada ya wiki 6 wapimwe tena na wahamishwe. Kazi hii haitaki fedha nyingi: chaki, vitabu vichache vya hadithi, na daftari la kuandikia kila mtoto alipofika, mfano wa mwalimu wa chuo alivyokuwa akikumbuka kichwani mwake. Katika Sira tumesoma kwamba baada ya Badri, mwaka wa pili wa Hijra, mateka waliojua kuandika na wasio na mali ya kujikomboa waliachiliwa kwa sharti kila mmoja awafundishe watoto 10 wa Madina. Mtume (S.A.W.) hakuona haya watoto wa Waislamu wafundishwe na mateka washirikina, basi sisi tutaonaje haya watoto wetu wafundishwe na binti wa jirani?

Wamesema baadhi ya walimu wa madrasa kwamba saa hiyo itaipunguza Kurani, na watoto wafika alasiri wamekwisha kuchoka. Juu ya kuchoka, ni kweli, na kwa hivyo tumesema saa moja na si mbili, na siku 4 na si 6. Na mtoto asianze kabla ya kula chochote, kwani wako wanaotoka nyumbani asubuhi na chai tupu. Juu ya Kurani, tuwaombe walimu hao wajaribu muhula mmoja, kisha watazame. Mtoto aliyezoea kukaa miaka akiimba asiyoyasoma shuleni huja na tabia hiyo hiyo katika msahafu, akafuata sauti za wenziwe badala ya herufi. Siku atakapoonja kusoma kweli kweli, herufi moja kuongoza nyingine hata likatoka neno, ataitaka ladha hiyo katika vitabu vyote viwili. Walimu wa shule nao waalikwe waje waone, na wapewe nakala ya daftari, ili mtoto aliyepanda madrasa asiendelee kuhesabiwa mjinga shuleni.